Malaria haipandi kwa kichwa

Hapa Kutus ukisema "malaria imempanda kwa kichwa" hakuna mtu atakuuliza unamaanisha nini. Mtoto ana homa, ameanza kurusha mikono na miguu, sasa hata ukimwita haitiki. Leo nataka kubishana na hiyo sentensi, maana kimelea cha malaria kinabaki ndani ya mshipa wa damu. Kinachoumia ni ukuta kati ya damu na ubongo, na hiyo tofauti si ya vitabu tu.

Tuanze na nyumbani. Mifereji ya Mwea, hapo chini tu, ilianza kuchimbwa miaka ya 1950 na wafungwa wa Mau Mau kwa amri ya mkoloni. Tukisimulia hiyo historia tunataja jembe, viboko, halafu mchele wa pishori. Mbu hatumtaji. Na yeye, Anopheles arabiensis, hupenda sana kutaga kwenye maji yaliyotulia kwa mpunga. Bahati yetu ni kwamba wengi wao hunyonya ng'ombe. Wengi, si wote.

Wakati mifereji inachimbwa, kumbe madaktari walikuwa wameshaona ndani ya ubongo zamani. Roma, miaka ya 1890, Marchiafava na Bignami walichunguza maiti za watu waliouawa na malaria, wakakuta mishipa midogo ya ubongo imejaa chembe nyekundu zenye vimelea. Leo tunajua hizo chembe huota vinundu vinavyonata, zikashika ukuta wa mshipa kama kupe.

Baadaye Brian Maegraith wa Liverpool akasema tuangalie ukuta wenyewe. Kwa kawaida huo ukuta ni mkali kuliko bouncer wa klabu, hauachi kitu kipite ovyo. Malaria ikiulegeza, maji yanavuja na ubongo unavimba. Basi madaktari wakaanza kutoa steroidi kupunguza uvimbe. Mwaka wa 1982 utafiti wa Thailand, wagonjwa 100 waliopoteza fahamu, ukaonyesha deksamethasoni haiokoi mtu, na waliopewa walikaa kwa koma muda mrefu zaidi. Wengi wakaona hiyo habari ya ukuta imeisha.

Haikuwa imeisha. Mwaka wa 2015 watafiti wa Blantyre, Malawi, walitoa picha za MRI za watoto 168. Walikufa 25, na 21 kati yao ubongo ulikuwa umevimba vibaya walipoingia hospitalini. Fuvu halipanuki, kwa hivyo ubongo ukivimba unasukumwa chini hadi sehemu inayoendesha pumzi inabanwa. Mtoto anaacha kupumua. Maegraith hakuwa amekosea sana, ila dawa iliyokimbiliwa ndiyo haikufaa. (Mimi chuo kilinishinda, lakini hii ningeisoma bila kulazimishwa.)

Sasa rudi kwa sentensi yetu. Tukisema malaria "imepanda", tunafikiria homa ikishuka nayo imeshuka, mtoto amepona, twende nyumbani. Artesuneti ya sindano kweli inaua vimelea, na tangu utafiti mkubwa wa Afrika uliotoka 2010 tunajua inaokoa watoto wengi kuliko kwinini. Lakini haizibi ukuta, na dawa ya kuuziba bado haijathibitishwa. Kule Kilifi watafiti walifuatilia watoto waliopona miaka kadhaa baadaye, wakakuta karibu 1 kati ya 4 ana shida iliyobaki: kusema, kukumbuka, wengine kifafa.

Huko pwani wazee waliita hali hiyo degedege na kuilaumu ndege au pepo. Sisi huku mlimani tunajiona wajanja, lakini mtoto wetu akianguka darasani miaka mitatu baada ya malaria, ni mama yake anaulizwa amekosea nani. Hakuna anayemuuliza kama huyo mtoto aliwahi kulazwa.