Twiga wa Malindi na Mfalme wa China

Wakoloni walipenda kuianzisha historia ya pwani yetu na Vasco da Gama, mwaka 1498. Lakini miaka 83 kabla yake, mwaka 1415, wajumbe wa Malindi walimpelekea twiga mfalme Yongle wa China. Wakuu wa huko walimwita mnyama huyo qilin, mnyama wa hadithi ambaye huonekana tu mtawala akiwa mwema.

Mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Butimba akienda Serengeti humwona twiga huyohuyo, wala haoni dalili ya wema wa mtawala yeyote. Basi maana ile ilitoka wapi? Yongle alikuwa amemnyang'anya kiti mtoto wa kaka yake kwa vita, mwaka 1402. Alihitaji sana ishara ya kuhalalisha utawala wake.

Kwa hiyo, tunaposoma juu ya uhusiano wa kale wa Afrika na China, tusiishie kwenye zawadi za wafalme. Nani alimkamata twiga yule? Nani alimlisha baharini? Hao ndio waliofanya kazi, na majina yao hayakuandikwa. Historia ya wananchi huanza kwa kuwauliza hao.