Dawa ya Mbegu na Wakati Wake

Mkulima wa Ugogo hutegemea mvua ya msimu mmoja, ianzayo yapata Desemba na kukoma yapata Aprili. Mtama wake ukiharibika, hana mwingine mpaka mwaka ujao. Basi yafaa tujue habari za adui mmoja wa mtama, nao ni ugonjwa wa fugwe ya punje. Mmea husitawi kama mingine. Lakini suke likitoka, mahali pa punje pana vifuko vilivyojaa vumbi jeusi kama masizi. Mwenye shamba hudhani adui amefika siku ile, kumbe aliingia zamani.

Ngano nayo hupatwa na ugonjwa wa jamaa hiyo, na siri yake ilianza kufumbuliwa Ufaransa. Mathieu Tillet, mtu wa mji wa Troyes, alipaka mbegu safi za ngano vumbi jeusi, akazipanda karibu na zisizopakwa. Mwaka 1755 akatangaza ya kuwa vumbi lile ndilo liletalo ugonjwa. Mwaka 1807 Bénédict Prévost akaonyesha ya kuwa kila chembe ya vumbi ni mbegu ya kuvu, nayo haioti katika maji yaliyoguswa na shaba. Kwa hiyo akashauri mbegu zichovywe katika maji ya mrututu kabla ya kupandwa.

Kwa nini kabla? Wakati wa kupura, vumbi hushikamana na punje safi. Punje ikifukiwa, kuvu huota pamoja nayo, huingia katika chipukizi chini ya ardhi, kisha hupanda ndani ya shina hata kufika kwenye suke. Dawa ipakwayo mbegu humkuta adui mlangoni. Dawa inyunyizwayo juu ya suke jeusi haimkuti kabisa; maji yakimwagika hayazoleki. Lakini iko fugwe nyingine, ile iharibuyo suke zima, ambayo hukaa katika udongo. Hiyo hukatwa na kuchomwa kabla vumbi halijatawanyika.

Wakati una jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Mwaka 1971 nchi ya Iraki ilipokea ngano nyingi ya mbegu, iliyopakwa dawa ya zebaki na kutiwa rangi nyekundu. Onyo juu ya magunia liliandikwa kwa lugha za kigeni. Mahali pengi mbegu zilifika wakati wa kupanda umekwisha pita, na watu wakazisaga wakala mkate. Wengine walizikosha, na rangi ilipotoka wakadhani sumu imetoka nayo. Watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao wakafa humo.

Habari hii yatuhusu. Ugogo yakumbuka Mtunya, ile njaa ya mwaka 1917 hata 1920. Na nyumba yenye njaa hutazama mbegu kama chakula. Basi pakeni dawa mbegu zile tu mtakazopanda, mvua ikiwa karibu. Zikisalia, zisirudi katika kilindo cha chakula, wala wasipewe kuku. Na kila aliyemo nyumbani, hata mtoto, aambiwe kwa lugha yake ya kuwa mbegu iliyopakwa dawa ni ya shamba, si ya chungu.