Sigara ya kielektroniki yenye wati za kubadilisha: Inavyofanya kazi na inavyokula betri

Mzazi mmoja wa Illasit, mji wa mpakani ulio chini ya Mlima Kilimanjaro katika Kaunti ya Kajiado, ametaka kujua kuhusu kifaa alichokikuta katika mfuko wa suruali ya mwanawe. Ni kidude kizito cha chuma chenye ukubwa wa pakiti ya sigara. Kina kioo kidogo kinachoonyesha nambari, na juu yake kuna kichupa chenye maji ya rangi ya chai. Mwanawe, kijana wa miaka 22, amemweleza kwamba hiyo ni "vepu" tu, isiyo na moto wala majivu, na kwamba betri ikimwishia yeye huchomoa ile ya kurunzi ya nyumbani na kuitia humo, kwa kuwa zinalingana. Swali la mzazi ni fupi: je, jambo hilo ni salama?

Si salama. Betri mbili zinaweza kulingana kwa urefu na unene hadi macho yashindwe kuzitofautisha, ilhali moja imeundwa kutoa umeme mara nne ya nyenzake. Ili sababu ieleweke, yafaa kwanza tukieleze kifaa chenyewe.

Kinavyotengeneza mvuke

Sigara ya kielektroniki haichomi tumbaku. Hupasha moto kioevu, ambacho aghalabu huwa mchanganyiko wa glisarini, propilini glikoli, vionjo na nikotini, hadi kigeuke mvuke. Kioevu hicho hukaa katika tangi, nacho hufyonzwa na utambi wa pamba kama mafuta ya taa yanavyofyonzwa na utambi wa koroboi. Utambi huo umezungukwa na waya mwembamba uliosokotwa, yaani koili. Mvutaji anapobonyeza kitufe, umeme wa betri hupita katika koili, waya hupata moto, na kioevu hugeuka mvuke.

Aina iliyoenea duniani leo hutokana na kazi ya mfamasia wa China, Hon Lik, aliyebuni kifaa chake mwaka 2003. Vifaa vya awali vilifanana na sigara ya kawaida na nguvu yake haikuweza kubadilishwa. Baadaye wavutaji wakataka mvuke mwingi zaidi, na hapo ndipo vikaja vifaa vizito vya aina aliyonayo kijana wa Illasit, ambavyo mwenyewe huchagua nguvu anayoitaka kwa kubonyeza vitufe vya kuongeza na kupunguza.

Nambari inayoonekana kwenye kioo ni wati, yaani kiasi cha nishati kinachotumika kila sekunde. Mvutaji huchagua wati, lakini kinachobadilika ndani ni volti. Kuna chipu ndogo ambayo kwanza hupima ukinzani wa koili, unaohesabiwa kwa omu, kisha hukokotoa volti zinazohitajika ili wati zilizoombwa zipatikane. Hesabu yake ni ile tuliyofundishwa katika fizikia ya sekondari: wati ni volti zilizozidishwa kwa zenyewe, kisha zikagawanywa kwa ukinzani. Kwa koili ya nusu omu, wati 20 huhitaji volti 3.2 hivi, na wati 40 huhitaji takriban volti 4.5. Betri moja ya lithiamu iliyojaa kabisa haizidi volti 4.2, kwa hiyo chipu hulazimika kupandisha volti pale mahitaji yanapozidi na kuzishusha pale yanapopungua.

Kifaa kisicho na chipu hufanya kazi kwa namna tofauti. Humo betri huunganishwa moja kwa moja na koili, basi nguvu hufuata hali ya betri. Koili ya nusu omu itapata wati 35 betri ikiwa imejaa, na itapata wati 23 tu volti zikishuka hadi 3.4. Mvutaji huhisi mvuke ukipungua, naye hutambua kwamba betri inakwisha. Kwenye kifaa chenye chipu hapati dalili hiyo. Ukikiweka wati 60, kitatoa wati 60 tangu betri ikiwa imejaa hadi inakaribia kuzimika.

Betri inapochoka ndipo inapokamuliwa zaidi

Jambo hilo huonekana kuwa faida, na kwa mvutaji ni faida kweli, ila gharama yake hulipwa na betri. Volti za betri zinaposhuka, njia pekee ya kupata wati zilezile ni kuvuta mkondo mkubwa zaidi. Tuseme chipu hupoteza sehemu moja katika kumi ya nishati, kiwango ambacho si kibaya. Kwa wati 60, betri moja iliyojaa hutoa takriban ampia 16. Betri hiyohiyo ikishuka hadi volti 3.2, hudaiwa karibu ampia 21. Kwa wati 80 deni hilo hufika karibu ampia 28.

Sasa tuirejelee kurunzi. Betri inayozungumzwa hapa hujulikana kwa nambari 18650, maana yake milimita 18 za upana na milimita 65 za urefu. Ni kipimo cha kawaida duniani. Hutumika katika kurunzi za kuchaji, katika kompyuta za mkononi za zamani, katika vifaa vya kuhifadhi chaji ya simu na katika taa za sola. Hata hivyo, ndani ya umbo hilo moja watengenezaji huchagua kati ya mambo mawili: betri iweke nishati nyingi, au iweze kuitoa kwa haraka. Zile zilizoundwa kwa vifaa vya nguvu nyingi huweza kutoa ampia 20 au zaidi mfululizo. Zile zilizotolewa katika kompyuta ya mkononi, ambazo mafundi wengi huziokoa na kuziuza upya, aghalabu zimekadiriwa kutoa ampia 4 hadi 6 tu. Kwenye kurunzi hilo halina neno, kwa sababu balbu yake hudai kidogo. Betri kama hiyo ikiingizwa katika kifaa kilichowekwa wati 15, tayari imefika ukingoni. Kwa wati 60 hudaiwa mara nne ya uwezo wake.

Chipu ina kinga kadhaa. Huzima kifaa kukiwa na shoti katika koili, betri ikipungua kupita kiasi, au kifaa chenyewe kikipata joto jingi. Lakini chipu haijui ni betri gani iliyotiwa ndani, na haina namna ya kusoma uwezo wake wa ampia. Pengine itaona volti zikiporomoka ghafla na kuandika kwenye kioo kwamba betri ni dhaifu. Vijana wengi hulichukulia onyo hilo kuwa usumbufu, kumbe ndilo jambo pekee ambalo kifaa kinaweza kusema.

Betri ya lithiamu inayodaiwa kupita kiasi hupata joto. Joto likizidi, utando mwembamba unaotenganisha ncha hasi na ncha chanya ndani ya betri huharibika, kemikali zake huanza kuchochea joto jingine, na kuanzia hapo hata ukizima kifaa mambo hayasimami. Gesi hujaa na betri hupasuka au kutema moto. Mwaka 2017 Shirika la Zimamoto la serikali ya Marekani lilichapisha uchunguzi wa visa 195 vya moto na milipuko ya sigara za kielektroniki vilivyoripotiwa na vyombo vya habari nchini humo kati ya 2009 na 2016. Kati ya hivyo, 61 vilitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni, 60 kikiwa kinatumika, na 48 betri ikiwa inachajiwa. Mwaka 2018 mtu mmoja aliuawa na mlipuko wa kifaa chake huko Florida. Hapa kwetu takwimu za namna hiyo hazitunzwi, na sisi tuliozeeka katika meza za uhariri twajua jinsi maneno "hitilafu ya umeme" yanavyofunika mengi katika habari za moto.

Mfuko ndio uliongoza katika orodha hiyo, na sababu yake ni nyepesi. Betri iliyowekwa mfukoni pamoja na sarafu au funguo huweza kupata shoti bila hata kuingizwa katika kifaa. Illasit, ambako mfuko mmoja huweza kubeba sarafu za Kenya na za Tanzania kwa pamoja, hatari hiyo haiko mbali. Kijaluba cha plastiki cha bei ndogo chatosha kuizuia.

Betri hudumu kwa muda gani?

Betri halisi ya 18650 yenye miliampia-saa 3,000 hubeba takriban wati-saa 11. Tukiondoa zile zinazopotea katika chipu, zinabaki kama 10, sawa na jouli 36,000. Mvuto mmoja wa sekunde tatu kwa wati 15 hutumia jouli 45, hivyo betri itatoa mivuto kama 800. Kwa wati 60 mvuto huohuo hutumia jouli 180, na betri itatoa mivuto 200 pekee. Kiuhalisia itatoa pungufu ya hapo, kwa kuwa mkondo mkubwa huporomosha volti na kifaa huzima mapema. Mtu anayevuta mara 200 kwa siku atachaji kila baada ya siku nne katika hali ya kwanza, na kila siku katika hali ya pili.

Tofauti hiyo hugusa pia umri wa betri. Betri nyingi za aina hii hupoteza thuluthi au robo ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500, na joto huharakisha uchakavu. Anayechaji kila siku atahitaji betri mpya baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Baridi nayo ina athari, ingawa ni ya muda. Asubuhi za miteremko ya Kilimanjaro, betri iliyolala nje huonekana dhaifu kwa sababu ukinzani wake wa ndani umepanda, kisha hurejea ikipata joto. Hiyo si sababu ya kuitupa, wala ya kuiweka karibu na jiko.

Wanunuzi wajihadhari na maandishi ya juu ya betri. Madukani huuzwa za 18650 zilizoandikwa miliampia-saa 6,000 na hata 9,900. Betri hizo haziwezi kuwa na uwezo huo. Nyingi zilizo bora huishia 3,500, na chache za karibuni hukaribia 4,000. Nambari kubwa kupindukia ni alama ya ulaghai, na aliyedanganya kuhusu ujazo hana sababu ya kusema kweli kuhusu ampia. Uzito nao husaidia: betri halisi huwa na gramu 45 hivi, na ile ya bandia aghalabu ni nyepesi zaidi. Iwapo ngozi yake ya plastiki imechanika, isitumike, maana karibu mwili wote wa betri hiyo ni ncha hasi. Kifaa cha betri mbili kitiwe betri za aina moja na umri mmoja, zilizonunuliwa na kuchajiwa pamoja.

Kuchaji nako kufanyike mtu akiwa macho, juu ya kitu kisichoshika moto, wala si kitandani. Umeme ukipotea na kurudi, chaja isiyo na kinga ndiyo huumia kwanza. Kwa chaja ya ampia moja, betri tupu huchukua takriban saa nne.

Wati nyingi pia hubadilisha kile anachovuta mtumiaji. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State nchini Marekani walieleza katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kwa volti 3.3 hawakugundua kemikali zinazotoa fomaldehidi katika mvuke, lakini kwa volti 5 walizipata. Wakosoaji walisema kwamba kwa volti hizo koili huwa imeungua kiasi cha mvutaji kushindwa kustahimili ladha yake. Pingamizi hilo lina uzito, ila halifuti jambo la msingi kwamba koili yenye joto kupita kiasi hutoa sumu. Nikotini nayo hubaki nikotini, yenye uraibu uleule.

Kuhusu sheria, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007, inayokataza kuwauzia bidhaa za tumbaku walio chini ya miaka 18, ilitungwa kabla ya vifaa hivi kuenea nchini. Mwaka 2024 mswada wa kuirekebisha uliwasilishwa katika Seneti, ukikusudia kuvijumuisha. Uganda ilivipiga marufuku kwa sheria yake ya mwaka 2015, na msafiri anayeelekea huko hana budi kukumbuka. Anayesafiri kwa ndege hubeba kifaa na betri zake mkononi, kamwe si katika mzigo unaoingizwa tumboni mwa ndege.

Mzazi wetu basi amwambie mwanawe mambo matatu. Betri ya kurunzi irudi kwenye kurunzi. Betri ya kifaa inunuliwe ikiwa na ampia zilizoandikwa na mtengenezaji anayejulikana. Na wati zipunguzwe, hasa kioo kinapoonyesha kwamba chaji imebaki kidogo.

Betri iliyochakaa isitupwe katika shimo la taka linalochomwa moto, kama ilivyo desturi katika miji yetu midogo, kwa kuwa itapasuka humo. Ncha zake zifunikwe kwa utepe wa fundi wa umeme na iwekwe kando, hadi apatikane wa kuifikisha kwa wanaopokea taka za kielektroniki, mathalani WEEE Centre jijini Nairobi.