Mzio na Kiamsha-Mzio

Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi wa Agosti 2018, na hasa ilipofika Ariwara, mji wa Kongo ulio jirani na Arua ya Uganda, katikati ya mwaka 2019, na baadaye Korona ilipoingia Uganda mwezi wa Machi 2020, kusafisha mikono kulifanywa sharti la msafiri apitaye mpaka wa Vurra kwenda Kongo au Oraba, upande wa Koboko, kwenda Sudani Kusini. Na kitakasa mikono, ambacho sokoni huitwa sanitaiza, kikawa bidhaa ya kila duka. Wengi wamekwisha kujua kuwa kitakasa kisicho na spiriti ya kutosha hakiui vijidudu. Lakini lipo swali la pili, ambalo halijapewa haki yake: je, katika chupa ile mna nini zaidi ya spiriti, na chaweza kumdhuru nani?

Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kwanza kulifahamu neno mzio. Tangu zamani watu wa pwani hulitumia kwa chakula ambacho mtu, au ukoo mzima, hukiepuka kwa kuwa kinawadhuru au ni mwiko wao. Mmoja hula pweza akashiba akalala salama, na nduguye akionja tu huwashwa mwili mzima, wala hapana asemaye kwamba pweza ni sumu. Tabibu Clemens von Pirquet wa Vienna alipotafuta jina la hali hiyo mwaka 1906, alilitunga kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja likiwa na maana ya “nyingine” na la pili “kazi”. Kiswahili kilikuwa na lake tayari. Amma kile kitu chenyewe kinachoiamsha hali hiyo, wako wanaokiita kizio, lakini neno hilo lina kazi nyingine katika hesabu na jiografia, kwa hiyo naona kiamsha-mzio ni bora, kwani mwenye kulisikia huelewa mara moja.

Faida ya istilahi hizi ni kutenga mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa. Methanoli ni sumu: hudhuru kila mtu, hupofusha na huua anywaye, na haina nafasi katika kitakasa. Limonini ya machungwa, sitrali ya mchaichai, linaloli ya mrehani na eujenoli ya karafuu si sumu kwa kiasi kinachotiwa katika manukato, bali ni viamsha-mzio: watu wengi hawaoni neno, na wachache huvimba na kubabuka mikono, tena baada ya siku moja au mbili, hata mtu asitambue kilichomdhuru.

Maabara huvitafuta vitu hivi kwa kromatografia ya gesi: tone la kitakasa hugeuzwa mvuke, likasukumwa na gesi katika mrija mwembamba mrefu, na kila kiungo hutoka kwa wakati wake, kikatambuliwa na kupimwa. Katika vipodozi vinavyobaki juu ya ngozi, Ulaya iliamuru tangu 2003 kwamba kila kimoja cha viungo 26 vya manukato kitajwe kwa jina kinapozidi asilimia 0.001, na mwaka 2023 orodha ikapita 80. Linaloli na limonini, zikikaa hewani, hubadilika na kuzidi kuwa na uwezo wa kuamsha mzio, basi chupa iliyofunguliwa muda mrefu si ile iliyopimwa siku ya kwanza.

Shirika la Viwango la Uganda, lenye makao yake Bweyogerere karibu na Kampala, hukagua vitakasa kwa kiwango cha Afrika Mashariki, ambacho hutaka spiriti isiyopungua asilimia 60. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mchanganyiko wake wa ethanoli asilimia 80, gliserini asilimia 1.45 na haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125, limeshauri manukato yasitiwe kabisa, kwa hofu ya mzio. Huo ndio ushauri ningependa watengenezaji waufuate. Na asiyeweza kuuacha uturi, basi aandike majina ya viungo vyake kwenye chupa, na aandike kwa Kiswahili pia, kwa sababu Mlugbara, Mkakwa na Mkongomani wakutanao Arua hufanya biashara kwa lugha hiyo. Sumu yapasa kuharimishwa. Kiamsha-mzio chapasa kutajwa, ili kila mtu aujue mzio wake na kujihadhari nao.