Ramani ya malaria: vitovu vya ugonjwa Korogwe na Handeni hutafutwaje?

Vijiji viwili vinaweza kupakana na kupata mvua ileile, lakini kimoja kikawa na wagonjwa wengi wa malaria kuliko kingine. Hata ndani ya kijiji, kitongoji cha bondeni kinaweza kutofautiana na cha mlimani. Vyandarua au dawa ya kupulizia ukutani visipotosha kwa wote, vianzie wapi? Hapa tunaeleza jinsi wataalamu wanavyotumia ramani za kompyuta kutafuta jibu, na mahali ramani hizo zinapoweza kupotosha.

GIS ni nini?

GIS ni mifumo ya kompyuta inayounganisha taarifa na mahali zilipotokea. Kila mgonjwa, nyumba au bwawa huwekwa kama nukta kwenye ramani. Simu yenye GPS inaweza kuchukua vipimo vya mahali hata bila bando, kwa sababu hupokea mawimbi ya setilaiti. Programu kama QGIS, inayopatikana bure, huchora nukta hizo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1854, daktari John Snow aliweka alama kwenye ramani ya eneo la Soho, London, kuonyesha walikofia wagonjwa wa kipindupindu. Vifo vilikuwa vingi kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street. Mpini wa pampu hiyo ukaondolewa.

Nukta nyingi si lazima ziwe hatari kubwa

Tuchukue mfano. Kijiji cha kwanza kina watu 3,000 na wagonjwa 60. Cha pili kina watu 500 na wagonjwa 25. Kwenye ramani, cha kwanza kitaonekana chekundu zaidi. Lakini ukigawanya kwa idadi ya watu, cha kwanza kina wagonjwa 20 kwa kila watu 1,000, na cha pili kina 50. Bila hesabu hiyo, ramani huonyesha tu mahali wanapoishi watu wengi.

Kuna pia suala la kipimo. Kompyuta huhesabu nukta zilizo ndani ya umbali fulani. Ukichagua mita 500, utaona vitovu vidogo vingi. Ukichagua kilomita 5, vitaungana kuwa doa moja kubwa. Kwa hiyo ramani nzuri hutaja umbali uliotumika.

Ili kujua kama kundi la nukta limetokea kwa bahati tu, hutumika programu kama SaTScan. Hupitisha duara juu ya ramani, ikilinganisha wagonjwa waliomo ndani na walio nje. Kisha huchanganya taarifa upya mara nyingi, kwa kawaida mara 999, ili kuona kama kundi kama hilo lingeweza kujitokeza lenyewe.

Korogwe ilitufundisha nini?

Mwaka 2010, jarida la kisayansi The Journal of Infectious Diseases lilichapisha utafiti wa malaria uliofanyika Korogwe. Watafiti walifuatilia watoto wachanga na kukamata mbu majumbani. Walipata vitovu vitano vya ugonjwa. Vitovu hivyo vililingana kwa sehemu tu na maeneo yenye mbu wengi, na hali ya mazingira peke yake haikutosha kuvitabiri.

Kilichosaidia ni damu ya watu waliofika kwenye vituo vya afya. Kingamwili huonyesha kama mtu aliwahi kuambukizwa, hata kama leo haumwi. Kipimo hicho kilitambua asilimia 95 ya maeneo yaliyokuwa vitovu, na asilimia 85 ya yale ambayo hayakuwa.

Hata hivyo, kupata kitovu si kumaliza malaria. Huko Rachuonyo, magharibi mwa Kenya, watafiti walielekeza vyandarua, dawa ya ukutani, dawa ya viluwiluwi na tiba kwenye vitovu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha maambukizi yalipungua kidogo ndani ya vitovu, lakini hayakubaki chini. Nje ya vitovu hapakuwa na nafuu iliyoonekana.

Kijiji kisicho na nukta

Takwimu nyingi hutoka zahanati. Anayeishi mbali, au anayenunua dawa dukani, haingii kwenye daftari. Kwa hiyo eneo jeupe kwenye ramani laweza kuwa salama, au laweza kuwa limesahaulika. Katika wilaya pana kama Handeni, anayesoma ramani anapaswa kuuliza pia: zahanati iko umbali gani?

Msikilizaji, unaweza kusaidia kwa mambo haya:

- Ukiwa zahanati, taja kitongoji chako, si kijiji au kata tu.
- Mwenye homa apimwe kabla ya kunywa dawa. Kipimo ndicho kinachoandikwa.
- Ukiwa umesafiri karibuni, sema. Huenda uliambukizwa kwingine.
- Mkionyeshwa ramani kwenye mkutano wa kijiji, ulizeni ni ya miezi gani, na kama wagonjwa wamegawanywa kwa idadi ya watu.
- Ramani ya hadharani isionyeshe nyumba ya mgonjwa. Kuonyesha kitongoji kunatosha.