Saa moja jioni, kila mtu anataka umeme

Jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, hapa Gitaza, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, watu huwasha taa, redio na televisheni kwa mkupuo, sawa na Rumonge na Bujumbura. Saa hizo chache ndizo zinazoamua nchi inahitaji mitambo mingapi ya umeme, ingawa usiku wa manane mingi haina kazi.

Burundi ilianza kwa kujenga mitambo. Mwaka 1982 ulikuja mtambo wa Mugere, megawati 8, kwenye mto unaoingia ziwani kati ya Bujumbura na Gitaza. Mwaka 1986 ukafuata Rwegura, megawati 18, na 1989 Ruzizi II, wa pamoja na Rwanda na Zaire ya wakati ule. Vita vya 1993 vikakwamisha mengi. REGIDESO, shirika la umeme la taifa, ikabaki na dizeli ya bei ghali na mgao wa umeme: mtaa huu gizani leo, ule kesho. Mgao hupunguza mzigo wa jioni, ila humzimia mgonjwa na mwenye mashine ya kusaga kwa pamoja, bila kuuliza kipi kingeweza kusubiri.

Nchi nyingine za Afrika Mashariki ziliuliza. Baada ya ukame wa 2005 na 2006, Uganda iligawa taa zipatazo 800,000 zinazokula umeme kidogo. Wateja wake wakubwa hulipa ghali jioni, kisha bei hushuka usiku hadi alfajiri. Kenya nayo, Desemba 2017, ilivipa viwanda nusu bei kwa umeme wa usiku, kwa sharti kwamba mteja avuke kwanza kiwango chake cha kawaida. Sharti hilo lilikuwa zito mno: mwenye kiwanda kidogo, asiye na kazi ya kuongeza, alibaki nje ya nafuu hiyo.

Pwani yetu ina vingi vinavyoweza kusubiri. Wavuvi wa ndagala, waliozoea karabai, sasa wengi hubeba taa za betri. Wao jioni wako majini, kwa hiyo betri huchajiwa mchana, nje kabisa ya msongamano. Friza iliyojaa samaki wa mukeke ikifungwa vizuri hukaa saa kadhaa na baridi yake bila umeme. Pampu inaweza kujaza tangi saa nane usiku. Chakula cha watoto na daftari za shule haviwezi kungoja.

Lakini Cash Power, mita ya kulipia kabla iliyopo nyumbani, huhesabu yuniti tu, na yuniti ya saa moja jioni haina tofauti na ya saa tisa usiku. Burundi sasa ina fungu lake katika megawati 80 za mtambo wa Rusumo, na mito ya Jiji na Mulembwe ina mradi wa karibu megawati 50. Maji ya mito hiyo hayalali usiku. REGIDESO iwape wenye friza, pampu na mashine za kusaga bei ya usiku sasa hivi, kabla umeme huo mpya nao haujamezwa wote na saa chache za jioni.