Vijana wa Reli ya Uhuru: Nani Aliwafundisha Kuongoza?

Tunaposimulia habari za Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, aghalabu tunahesabu vitu: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, madaraja zaidi ya 300, mkopo usio na riba wa Yuan milioni 988. Watu hatuwahesabu sana, hasa wale vijana waliotakiwa kuipokea reli hiyo siku wajenzi watakapofunga mizigo yao. Nawaandikia habari zao, ndugu zangu tuliosoma pamoja nanyi wadogo zetu mlioko madarasani, kwa kuwa shuleni kwetu kila mwaka hawakosekani wanaosema watakuwa wahandisi.

Mkataba wa Tanzania, Zambia na China ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba, 1967, na ujenzi ukaanza rasmi Oktoba 1970. Wachina hawakuja na desturi ya bwana kusimama kivulini akitoa amri. Mtaalamu wao alishika sururu pamoja na vibarua, na kijana wetu aliyekuwa kando yake alijifunza kwa macho kabla ya kujifunza kwa maneno, maana mkalimani hakuwapo kila mahali. Kwa njia hiyo walipatikana watandika reli, wachomea vyuma, madereva wa mitambo na wasimamizi wa makundi. Wazee waliofanya kazi kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda milima kwa mahandaki na madaraja, hawahitaji cheti kuthibitisha walichojifunza.

Lakini reli haiendeshwi kwa sururu. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, kusomea mambo ya reli: uendeshaji wa treni, injini, mabehewa na kadhalika. Walihitimu mwaka 1975, mwaka uleule reli ilipofika Kapiri Mposhi. Tarehe 14 Julai, 1976 reli ikakabidhiwa rasmi. Kijana aliyetoka darasani, hata mwaka haujatimia, sasa ni ofisa katika shirika la nchi mbili.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kijana huyo alijua kwa nini injini inachemka inapopanda mlima. Je, alijua afanye nini mabehewa yake yasiporudi? Tulifuate behewa moja tu. Linatoka Dar es Salaam na mbolea, linafika Kapiri Mposhi, linaingia katika reli ya shirika jingine hadi kwenye migodi, linangoja kupakiwa shaba, linarudi, kisha linangoja tena bandarini. Kila linaposimama lipo chini ya mkubwa mwingine, mwenye wizara yake na haraka zake. Mhandisi aweza kutengeneza breki za behewa hilo usiku mmoja, lakini hakuna spana ya kumharakisha mkuu wa idara isiyo yake. Hiyo ni kazi ya barua, vikao, hesabu na ujasiri wa kusema hapana.

Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haikufikia lengo hilo hata mara moja. Injini za kwanza zilikuwa dhaifu kwa mlima ule, fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikuwa haba, na bandari ilielemewa. Oktoba 1978 Zambia, ikihitaji mbolea yake, iliifungua tena njia ya kusini kupitia Rhodesia, iliyofungwa tangu 1973. Wataalamu wa China, ambao idadi yao ilikuwa imepunguzwa, waliongezwa tena mwaka 1983, safari hii wakikaa ofisini kando ya mameneja kuwashauri.

Wako wanaosema huo ni ushahidi kwamba vijana wetu hawakufaa. Siafiki hata kidogo. Wakati wa ujenzi mipango, manunuzi na ratiba vilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wachina. Kijana alipewa sururu, hakupewa faili. Kisha siku moja akakabidhiwa mafaili yote kwa pamoja, na mzee wa kumwuliza akafunga safari. Sisi tulioko serikalini twajua kwamba uamuzi haufundishwi ubaoni. Mtu huupata kwa kuamua jambo dogo lenye fedha ndogo, mkubwa wake akiwa bado chumba cha pili.

Mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango wa mafunzo kwa vitendo, ambapo mhitimu hufanya kazi miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu. Ni hatua njema, ingawa kwa maoni yangu miaka hiyo haitoshi iwapo kijana haketi hata mara moja kwenye kikao cha bajeti, tena akiulizwa maoni yake badala ya kuandika kumbukumbu tu.

Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya CCECC ya China, ili iikarabati reli hiyo na kuiendesha kwa miaka 30. Mdogo wetu aliye kidato cha kwanza leo atakuwa na umri kama wangu mkataba utakapokwisha. Ningependa kujua ratiba ya treni, zabuni za vipuri na daftari la mabehewa ataanza kuvishika mwaka wa ngapi: wa 5, au wa 29?